Pampu Hulaumiwa Bure: Kelele za Haidroliki na Oili ya Trekta Kuukuu

Mwanzoni mwa msimu wa vuli, ukitoka Mbagala kuelekea Mkuranga, au ukipita Tegeta na Bunju kuelekea Bagamoyo, utayaona matrekta yameegeshwa kando ya barabara yakiwa na majembe ya diski nyuma, yanasubiri kazi. Mengi ni Massey Ferguson zilizopauka rangi, na baadhi yake zina umri mkubwa kuliko madereva wanaozikalia. Injini bado inawaka asubuhi bila kusumbua. Tatizo linaanza dereva anapovuta mkono wa lifti ili jembe linyanyuke. Unatoka mluzi mwembamba unaokaza kadiri mafuta yanavyoongezwa, au mlio kama wa kokoto zinazosagwa ndani ya chuma, na jembe linapanda kwa kusitasita. Baada ya hapo mwenye mali anaambiwa maneno yanayosikika katika gereji nyingi za Temeke na Kinondoni: "Pampu imekufa, bosi."

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mara nyingi pampu haijafa. Inalia kwa sababu haipati oili ya kutosha, au inapata oili iliyochanganyika na hewa, maji au uchafu, au imepewa oili isiyo yake. Ukibadilisha pampu bila kuondoa sababu, pampu mpya italia kama ile ya kwanza, kisha itakufa kweli. Maswali mawili ambayo wenye matrekta huyauliza kwa nyakati tofauti, yaani kelele inatoka wapi na niweke oili gani, kwa kweli ni swali moja.

Matrekta tuliyonayo

Trekta kuukuu si jambo la ajabu Tanzania. Ndilo trekta la kawaida. Massey Ferguson 135, ambayo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1964, bado inalima. Zipo Massey za namba kubwa kama 165, 265, 275 na 290, zipo Ford 5000 na 6600, zipo Fiat, na zipo Valmet za Kifini ambazo miaka ya 1980 ziliunganishwa hapa hapa Kibaha. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, SUMA JKT ilileta matrekta zaidi ya 1,800 kutoka India, Farmtrac na New Holland, kwa mkopo nafuu wa serikali ya nchi hiyo. Yale yaliyoonekana mapya wakati ule sasa nayo yameingia utu uzima.

Umri peke yake si ugonjwa. Taabu ya trekta lililopita mikononi mwa wamiliki wanne au watano ni kwamba kitabu chake kimepotea, na pamoja nacho imepotea kumbukumbu ya oili iliyomo ndani. Kila mmiliki aliongeza aliyoipata. Unaponunua trekta la namna hiyo unanunua pia mchanganyiko usioujua.

Oili moja, kazi nne

Ili kuelewa kelele, tuanze na mahali oili inapokaa. Katika gari dogo, giaboksi ina oili yake, difu ina yake na stelingi ina yake. Katika matrekta mengi ya kilimo mambo si hivyo. Kwenye Massey 135, giaboksi, difu na haidroliki vinakunywa kutoka beseni moja, nalo ni mwili wenyewe wa trekta ulio chini ya kiti cha dereva. Pampu yenye pistoni nne imezama humo humo na inazungushwa na shafti iendayo kwenye PTO, sehemu ya nyuma inayozungusha zana. Beseni hilo linabeba karibu lita 30, yaani dumu la lita 20 na nusu ya dumu jingine.

Kwa hiyo oili ile ile inalainisha meno ya gia, inapoza joto, inanyanyua jembe, na katika matrekta mengi yaliyofuata, kama Massey 375, inaogesha pia diski za breki. Kazi hizi zinavutana. Gia hupenda oili nzito yenye dawa ya kuzuia chuma kusagana. Pampu hupenda oili inayotiririka kirahisi. Breki za ndani ya oili hutaka msuguano wa kadiri, usiwe mwingi wala mdogo. Anayemimina oili kwa kufikiria kazi moja tu anazidhulumu zile nyingine tatu.

Jambo la pili ni nguvu iliyomo. Lifti ya Massey za aina hiyo hufanya kazi kwa mgandamizo unaofika psi 2,500 hivi, wakati tairi la gari dogo lina psi thelathini na kitu. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wa haidroliki linaweza kurusha oili ikapenya ngozi ya mkono. Jeraha lake huonekana dogo, lakini ni dharura ya upasuaji, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono akingoja hadi kesho. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Na kabla ya kufungua nati yoyote, jembe lishushwe chini na injini izimwe.

Kelele zinavyotofautiana

Mafundi wetu wana maneno mazuri ya milio hii, na maneno hayo yakitumika kwa uangalifu yanatosha kuanzia kazi.

Ya kwanza ni mluzi au kilio chembamba kisichokatika, kinachopanda pamoja na mwendo wa injini. Huu ni mlio wa kiu. Pampu inajaribu kuvuta oili na njia ya kuvutia imebana: chujio limeziba, oili imepungua, au oili ni nzito kupita kiasi. Upande wa kuvuta ukikosa oili, mgandamizo hushuka mpaka oili yenyewe inatoa viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikifika upande wa kusukuma hupasuka kwa nguvu na kula chuma kidogo kidogo. Wahandisi huita hali hii kavitesheni. Ukifungua pampu iliyoumia hivyo utaona chuma kimechimbika vitundu vitundu kama mhindi ulioliwa na dumuzi.

Ya pili ni mlio wa kokoto au mgongano usio na mpangilio, huku jembe likipanda kwa kushtukashtuka. Mafundi husema pampu "inakunywa hewa", na wanasema kweli. Hewa inaingia kwa oringi iliyochoka, kwa kiungo kilicholegea kwenye bomba la kuvuta, kwa sili ya shafti, au kwa sababu oili imeshuka chini ya mdomo wa bomba. Dalili yake nyingine ni povu kwenye dipstiki. Kosa hili lina ujanja: upande wa kuvuta unaweza kuingiza hewa bila kudondosha tone la oili nje, kwa hiyo mtu anayetafuta uvujaji kwa macho hataona kitu.

Ya tatu ni mlio mkali unaotokea tu mzigo unapokuwa mzito kupita kiasi au silinda inapofika mwisho wa safari yake, na unaokoma ukirudisha mkono wa lifti. Hiyo ni vali ya usalama ikifunguka kuokoa mabomba. Inafanya kazi iliyowekewa. Inapaswa kukutia wasiwasi pale tu inapolia kwa mzigo mdogo, maana hapo springi yake imechoka au uchafu umeizuia isifunge.

Ya nne ni kukoroma au kugonga kusikobadilika uwe na mzigo au usiwe nao. Huu ndio mlio wa chuma kilichochakaa: beringi, shafti, au sehemu za ndani za pampu. Hapa kweli pampu inaweza kuwa na hatia, na ushahidi utaupata kwenye chujio kama chembe zinazong'aa.

Ya tano si ya pampu kabisa, ingawa hupewa pampu lawama. Trekta lenye breki za ndani ya oili likijazwa oili isiyo na dawa ya msuguano, breki hunguruma na kutetemeka unapolisimamisha. Wapo waliofungua difu nzima kwa kutafuta ugonjwa uliokuwa ndani ya dumu la oili.

Kuna pia dalili inayofanana na kelele: jembe lililonyanyuliwa linanesa juu na chini lenyewe injini ikiwa inawaka, na ukizima injini linashuka baada ya muda mfupi. Hapo oili inavuja kwa ndani, kwenye sili ya silinda ya lifti au kwenye vali, na pampu inahangaika kurudisha kinachopotea. Kuiweka pampu mpya hapo ni kuajiri mchota maji mwenye nguvu zaidi kujaza ndoo iliyotoboka.

Kuchunguza kuanzia cha bure

Nilisimama yadi moja huko Charambe nikitazama Massey 135 ya jamaa yangu ikifunguliwa kwa mara ya pili ndani ya msimu mmoja. Mara ya kwanza ilipolia, gereji nyingine ilimwambia pampu imekwisha. Akanunua pampu iliyotumika, ikafungwa, akalipa. Trekta lilinyamaza kwa siku nne. Siku ya tano mluzi ulirudi shambani, jembe likagoma kupanda, na wiki mbili za vuli zikampita akiwa ameegesha.

Fundi wa Charambe alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Jamaa yangu alimwamkia, akaitikiwa, kisha akaulizwa maswali matatu tu: "Inalia ikiwa ya baridi au ya moto? Inalia ukinyanyua tu, au muda wote? Oili mara ya mwisho ulimwaga lini?" Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa trekta mahali pampu ilipo na mpini wake sikioni, akaamuru mkono wa lifti uvutwe. Akasogeza ncha kwenye giaboksi, akasikiliza tena. "Gia nzima. Hii inalia njaa," akasema.

Kwenye Massey ya namna ile, kufika kwenye pampu si kazi ndogo. Lazima ung'oe kifuniko kizima cha lifti, chenye uzito wa kuhitaji watu au winchi, na uvute shafti ya PTO nje. Walipoitoa pampu, fundi alilishika lile chujio la waya lililo upande wa kuvuta na kutuonyesha. Lilikuwa limefunikwa na nyuzi za tambara na vipande vyekundu vya gundi ya gasketi, vile vinavyobanuka pembeni mtu anapopaka gundi nyingi na kukaza bolti. Aliyefunga pampu hiyo iliyotumika alisafisha beseni kwa tambara na kufunga kifuniko kwa gundi ya kumwaga. Pampu ile ya zamani iliyotupwa, tulipokuja kuikagua, haikuwa na kosa kubwa.

Kisa hicho ndicho kilichonifundisha kwamba uchunguzi uende kutoka cha bure hadi cha gharama, bila kuruka ngazi.

Ngazi ya kwanza ni kupima oili. Egesha mahali tambarare, shusha mikono ya lifti, kama trekta limefungwa tela la kumwaga lirudishe likae chini, zima injini, kisha tazama dipstiki. Ukipima tela likiwa limenyanyuliwa, lita kadhaa ziko ndani ya silinda yake na utadanganyika.

Ngazi ya pili ni kuitazama na kuinusa oili. Chota kidogo kwenye chupa safi ya maji ya kunywa na uiache usiku kucha. Nyeupe kama chai ya maziwa ni maji. Povu ni hewa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni joto lililozidi. Inayong'aa kama ina unga wa shaba ni kitu kinachosagika.

Ngazi ya tatu ni kusikiliza kwa utaratibu: ya baridi na ya moto, yenye mzigo na isiyo na mzigo, mwendo mdogo na mkubwa. Andika unachosikia.

Ngazi ya nne, kwa trekta lenye pampu ya nje, ni kukaza viungo vyote vya upande wa kuvuta na kuvipaka oili au grisi kimoja kimoja injini ikiwa inawaka, ukiwa mbali na mikanda na feni. Kiungo kikipakwa na mlio ukabadilika, hapo ndipo hewa inapoingilia. Kagua pia mpira wa kuvuta, maana mpira mzee huweza kujikunja kwa ndani wakati nje unaonekana mzima.

Ngazi ya tano ni chujio. Lifungue, lipasue kama ni la karatasi, utazame limekamata nini.

Ngazi ya sita ni kupima mgandamizo kwa geji. Kipimo hiki hufanywa mara chache kwa sababu gereji nyingi hazina geji hiyo, lakini ndicho kinachomaliza ubishi. Baada ya ngazi hizo zote ndipo mtu ana haki ya kutamka kwamba pampu imekufa.

Maji, adui wa pwani

Kwa trekta la Dar es Salaam na Pwani, kabla ya kitu kingine shuku maji. Hewa yetu ni ya unyevunyevu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei hunyesha juu ya matrekta yaliyolala nje bila paa. Kuna njia ambayo watu hawaitazami: mpira mdogo unaovaa shina la gia lever. Ukichanika, mvua inateremka na chuma cha lever moja kwa moja hadi kwenye beseni. Kuna pia joto la kazi na baridi ya usiku. Beseni likipoa huvuta hewa yenye unyevu kupitia tundu lake la kupumulia, na unyevu huo hugeuka matone.

Maji hayalainishi chuma. Yanaleta kutu kwenye vali zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, yanaharibu dawa zilizomo kwenye oili, na yanachochea povu ambalo pampu inalisikia kama hewa.

Tiba yake haina uchawi. Liache trekta lilale usiku mzima, maji yazame chini. Asubuhi legeza bolti ya kumwagia taratibu, uruhusu maji yaliyotuama yatoke kwanza. Kisha washa trekta, liendeshe mpaka oili ipate joto, ndipo umwage yote. Oili moto hubeba uchafu. Oili baridi huuacha chini. Kama ilikuwa nyeupe kabisa, jaza mpya, fanya kazi siku chache, upime tena, na uwe tayari kumwaga mara ya pili. Na ule mpira wa gia lever ubadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo masika yajayo yatakukuta palepale.

Oili ipi?

Hapa ndipo penye maneno mengi. Fundi mmoja atakuambia weka oili ya gia namba 90, mwingine oili ya injini namba 40, mwingine oili ya haidroliki 68, na muuza duka atakupa dumu lenye picha ya trekta. Kila mmoja ana sababu. Baadhi ya matrekta ya miaka ya 1950 yaliandikiwa na watengenezaji wake oili ya injini au oili nyepesi ya gia hata kwenye haidroliki, na waliojifunza kazi kwa wazee wa enzi hizo hawakuzua tu. Lakini trekta lililofuata lilibadilika, na oili nazo zikabadilika.

Kwanza tuondoe utata wa namba. Namba 46 na 68 za oili ya haidroliki ni kipimo cha uzito wa mtiririko oili ikiwa na nyuzi joto 40. Namba 90 ya gia na 40 ya injini ni za vipimo vingine kabisa, havilinganishwi moja kwa moja. Oili ya gia namba 90 ikipimwa kwa kipimo cha haidroliki inakuwa karibu 220, yaani zaidi ya mara tatu ya 68. Ndiyo maana trekta lililojazwa namba 90 hupiga mluzi asubuhi hata hapa kwetu ambako baridi si kali: pampu inavuta kitu kizito kama asali kupitia chujio jembamba.

Anayeipendekeza ameona jambo la kweli. Pampu iliyochakaa hunyamaza kidogo kwa oili nzito, na jembe hukaa juu vizuri mchana. Lakini ameficha ugonjwa, hajautibu. Tena, oili za gia za daraja la GL-5 zina dawa kali ya salfa ambayo, ikipata joto, huweza kula sehemu za shaba zilizo kwenye giaboksi na pampu.

Upande wa pili ni wanaoweka oili ya giaboksi za otomatiki kwa kuwa ni nyekundu, safi na nyepesi. Katika stelingi ya baadhi ya matrekta ndiyo iliyoandikwa. Lakini ndani ya beseni la trekta kuukuu, kwenye jua la Januari, inakuwa nyepesi mno. Inapita kwenye mianya ya pampu iliyochakaa, na jembe linapoteza nguvu mchana. Ama oili ya breki, usithubutu kuiongeza humo hata tone. Inaumua na kuharibu sili ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya oili ya madini.

Oili iliyoundwa kwa kazi zote nne ni ile inayoandikwa UTTO kwenye dumu. Uzito wake hukaa kati ya 46 na 68, ina dawa ya gia, dawa ya kuzuia povu na dawa ya msuguano wa breki. Kwa trekta ambalo gia, difu, haidroliki na breki vinatumia beseni moja, hilo ndilo jibu la kawaida.

Hata hivyo herufi hizo hazitoshi. Tazama nyuma ya dumu kama pameandikwa daraja la mtengenezaji wako: kwa Massey, M1135 au yale yaliyolifuata kama M1141 na M1143, kwa Ford na New Holland, M2C134, kwa John Deere, J20C. STOU, ambayo ni ndugu yake, imekusudiwa kufanya kazi kwenye injini pia, na inafaa pale tu kitabu cha trekta kinapoikubali.

Oili ya haidroliki tupu, 46 au 68, ina mahali pake: kwenye mtambo wenye tangi la haidroliki lililojitenga na gia, kama vijiko vingi vinavyochimba mitaro ya mabomba mitaani. Kwa joto la pwani na mtambo uliochakaa, 68 huwa chaguo la busara kama kitabu kinairuhusu. Lakini kuimimina kwenye trekta lenye breki za ndani ya oili ni kuzikaribisha zile breki zinazonguruma. Massey 135 ina breki kavu za ngoma, kwa hiyo itaivumilia zaidi. Gia zake hazitaishukuru.

Wanaodhani jina kwenye dumu linatosha wajifunze kutoka Marekani. John Deere waliwahi kuwa na oili iliyoitwa 303, iliyotegemea mafuta ya nyangumi. Miaka ya 1970 mafuta hayo yalipopigwa marufuku, kampuni iliachana na daraja hilo. Lakini namba 303 iliendelea kuonekana kwenye ndoo za manjano za bei rahisi kwa miongo kadhaa, safari hii ikiwa haina maana yoyote ya kiufundi. Wakulima walijaza, pampu na breki zikaumia, na kesi zikafika mahakamani. Ikiwa katika nchi yenye maabara kila kona namba tupu iliweza kuwapotosha watu muda wote huo, sisi tunaonunua dumu kwa kutazama picha tuna sababu zaidi ya kusoma maandishi madogo.

Oili ya kupima na tela la kukodi

Mambo mawili ya mjini kwetu yanahitaji kusemwa waziwazi. La kwanza ni oili ya kupima, inayouzwa kwa chupa kutoka pipa lililofunguliwa. Hujui pipa lilikuwa na nini jana, wala chupa ilibeba nini. Kwa haidroliki, ambako mchanga usioonekana kwa macho unatosha kukwaruza vali, akiba hiyo ndogo ni hasara. Nunua dumu lililofungwa, lenye alama ya ubora ya TBS, kwa risiti, na utunze namba ya toleo lake.

La pili ni tela la kumwaga. Tela moja huzunguka matrekta mengi kwa kukodishwa, likibeba mchanga leo na tofali kesho. Kila linapounganishwa, oili iliyobaki kwenye silinda yake inaingia kwenye trekta jipya, pamoja na vumbi lililokaa kwenye midomo ya viungio. Unaweza kujaza oili bora kabisa asubuhi na jioni ukawa na oili ya watu sita. Futa viungio kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi kabla ya kuunganisha, vivalishe vifuniko ukimaliza, na mwenye tela umuulize anatumia oili gani. Asiyejua, mwambie amwage oili ya silinda yake kwanza.

Oili chafu uliyoimwaga nayo isiishie mtaroni. Mitaro ya Mbagala na ya Tandika inaelekea mitoni na baharini. Ikusanye kwenye dumu na umpe mkusanyaji anayetambulika.

Fundi alipwe kwa kutambua

Nyuma ya pampu zinazobadilishwa bure kuna desturi yetu wenyewe. Tunamlipa fundi kwa kufunga spea. Hatumlipi kwa kutambua ugonjwa. Mzee wa bisibisi sikioni anatumia saa mbili kusikiliza na kupasua chujio, na mwenye trekta anaona hajafanya kitu. Anayeng'oa pampu bila kusikiliza kwanza anaonekana hodari. Tukiendelea hivyo, vijana wanaotoka VETA Chang'ombe wakiwa wamefundishwa kutumia geji wataiacha geji kabatini, kwa kuwa hakuna anayeilipia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa trekta kuukuu linalolia, weka fedha kwanza kwenye oili sahihi, chujio jipya, oringi za upande wa kuvuta na saa mbili za fundi anayesikiliza. Hayo yote kwa pamoja huwa nafuu kuliko pampu moja, na hata pampu ikija kuhitajika kweli, hayo yote utalazimika kuyafanya ili pampu mpya iishi.

Na ukishamaliza, chukua brashi na rangi nyeupe. Andika kwenye madigadi, karibu na mdomo wa kujazia, daraja la oili uliyoweka, tarehe na saa za kazi. Trekta hilo litakuja kuwa la mtu mwingine, kama lilivyokuwa la wengine kabla yako. Atakayelinunua asianze kwa kubahatisha.